Kutoka jukwaani hadi kwenye skrini: kuigeuza Twelfth Night kuwa filamu, hatua kwa hatua

Wanaoanza huuliza maswali yale yale. Tamthilia ndefu namna hii nianzie wapi kuikata? Pacha niwatafutie mwigizaji mmoja au wawili? Mbona jukwaani Viola, msichana aliyevaa mavazi ya kiume, aliaminika kuwa mwanamume, na mbele ya kamera haaminiki hata dakika moja? Mwongozo huu unayajibu kwa kutumia Twelfth Night ya William Shakespeare, lakini hatua zake zinafaa kwa futuhi yoyote ya kale ambamo mtu amejigeuza na wengine wanamdhania siye.

Kama hujaisoma, kisa chenyewe ni hiki. Viola na Sebastian ni pacha. Meli yao inavunjika karibu na pwani ya Illyria na kila mmoja anadhani mwenzake amezama. Viola anavaa mavazi ya kiume, anajiita Cesario na kuingia kazini kwa Mtawala Orsino, ambaye Viola anaishia kumpenda. Orsino anamtuma akambembelezee Bibi Olivia. Olivia anampenda mjumbe badala ya aliyemtuma. Kando ya hayo, Maria, mtumishi wa Olivia, na wenzake wanamtega Malvolio, msimamizi wa nyumba ya Olivia, kwa barua ya kughushi. Kisha Sebastian anaingia mjini akiwa mzima, na kila anayemwona anadhani ni Cesario.

Nadharia unayohitaji ni moja tu. Katika futuhi ya kujigeuza, mtazamaji hadanganywi. Wanaodanganywa ni wahusika. Mtazamaji anacheka kwa sababu anajua asichokijua Olivia. Kwa hiyo kila uamuzi wako, wa kukata mstari, kuchagua lensi au kushona vazi, upime kwa swali hili: je, mtazamaji bado anajua zaidi ya mhusika aliye mbele yake?

Kabla ya kuanza, uwe na:

- Matini kamili ya tamthilia. Ilichapwa mara ya kwanza mwaka 1623, na matoleo yote ya leo yanatoka humo.
- Kadi 18 za karatasi ngumu, moja kwa kila onyesho. Tendo la kwanza lina maonyesho 5, la pili 5, la tatu 4, la nne 3, la tano 1.
- Waigizaji 12 wa sehemu kuu: Viola, Sebastian, Orsino, Olivia, Malvolio, Maria, Toby (ndugu wa Olivia), Andrew (rafiki wa Toby), Feste (mchekeshaji wa nyumba ya Olivia), Antonio (baharia aliyemwokoa Sebastian), Fabian (mtumishi wa Olivia) na nahodha (aliyeokoka pamoja na Viola). Ukibanwa, mpe Maria maneno ya Fabian ufute sehemu yake, ila kumbuka kwamba Maria hayupo bustanini Malvolio anapoisoma barua.
- Maleba ya Cesario na Sebastian, seti tatu zinazofanana kabisa. Mbili ni za kuvaliwa. Ya tatu ni akiba ya siku za mapigano, kwa sababu vazi likichafuka katikati ya siku huna la kuendelea nalo.
- Kamera unayoweza kuirekebisha yote kwa mkono, lensi za milimita 28, 50 na 85, tripodi nzito na mifuko ya mchanga ya kuikandamiza.
- Maikrofoni ya fimbo, na vinasa sauti vya kifuani kama nyongeza.
- Wiki mbili za mazoezi kabla ya kamera kuwashwa. Usizipunguze. Futuhi ya namna hii hupangwa mazoezini. Siku ya kupiga ni ya kuinasa tu.

Hatua ya 1: Hakikisha haki za matini

Maneno ya Shakespeare mwenyewe ni mali ya umma. Kinacholindwa ni kazi za watu wa baadaye zilizojengwa juu yake: maelezo ya wahariri wa matoleo mapya, na zaidi ya yote tafsiri. Nchi nyingi hulinda kazi kwa miaka 50 au 70 baada ya kifo cha aliyeiandika, na mtafsiri anahesabiwa kuwa mwandishi. Chukua Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Julius Nyerere ya mwaka 1969, ambamo Portia anajigeuza kuwa mwanasheria. Tamthilia ya asili iko huru, lakini mtafsiri alifariki mwaka 1999, kwa hiyo maneno yake ya Kiswahili bado yana mwenyewe. Ukitaka kutumia tafsiri ya mtu, omba ruhusa kwa maandishi. Usipotaka, tafsiri mwenyewe kutoka kwenye matini ya asili, bila kuwa na tafsiri ya mwingine pembeni.

Hatua ya 2: Soma kwa sauti, pima kwa saa

Tamthilia ina karibu maneno 20,000. Mwigizaji akisema maneno 140 kwa dakika, hayo ni zaidi ya saa mbili na dakika ishirini za kusema peke yake, kabla mtu hajatembea, hajaimba wala hajakaa kimya. Filamu ya dakika 100, ikiwa theluthi mbili za muda wake ni mazungumzo, inabeba takribani maneno 9,000. Maana yake utaondoa zaidi ya nusu.

Kusanya waigizaji, wasome yote bila kukata, na uandike dakika za kila onyesho kwenye kadi yake. Weka pia alama pale wasikilizaji walipocheka bila kuelezwa kitu. Mistari hiyo usiiguse.

Hatua ya 3: Chora jedwali la nani anajua nini

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, na filamu nyingi za wanaoanza zinaharibikia hapa. Chukua karatasi kubwa. Safu za kushuka ni wahusika, na mtazamaji ana safu yake. Mistari ya kukatiza ni maonyesho 18. Katika kila kisanduku andika mambo matatu: anajua Cesario ni mwanamke? Anajua Sebastian yu hai? Anajua barua ya Malvolio ni ya uongo?

Ukimaliza utaona umbo la tamthilia nzima. Siri ya Viola iko kwa watu wawili tu, yeye na nahodha, hadi tendo la tano. Mtazamaji anajua Sebastian yu hai tangu onyesho la kwanza la tendo la pili, yaani muda mrefu kabla ya Viola mwenyewe. Naye Viola anapata tumaini la kweli katika onyesho la nne la tendo la tatu, pale Antonio anapomwita Sebastian na kumdai mfuko wa fedha.

Kosa la kawaida: kumficha Sebastian hadi mwisho ili awe mshangao. Inaonekana kama wazo zuri, lakini inaua tendo la nne zima. Olivia anapomvuta Sebastian nyumbani kwake, mtazamaji asiyejua kwamba kuna pacha hai ataona kijana yule yule ambaye ghafla amebadili tabia. Hatacheka, atadhani muswada una kasoro.

Hatua ya 4: Kata, lakini ujue usipokata

Anza na utani wa maneno wa Feste ambao leo unahitaji maelezo. Kisha punguza marudio: jukwaani jambo husemwa mara tatu ili aliye nyuma kabisa asikie, kwenye filamu mara moja inatosha, na mara nyingi uso unatosha. Maneno yanayoeleza mahali, hali ya hewa au nani anaingia, futa yote. Kamera inaonyesha.

Yafuatayo yaache, hata kama yanaonekana ya kupita tu:

- Maneno ya Viola mwishoni mwa tendo la tatu kwamba amevaa kwa mtindo na rangi za kaka yake, akimwiga. Ndiyo sababu pekee ndani ya hadithi inayoeleza kwa nini pacha wanavaa sare. Ukiyakata, maleba yako yanageuka bahati isiyoaminika.
- Mfuko wa fedha ambao Antonio anampa Sebastian. Bila mfuko huo, hasira ya Antonio kwa Viola haina msingi.
- Maelezo ya baba yao: alikuwa na alama ya ngozi kwenye paji la uso, na alifariki siku Viola alipotimiza miaka kumi na mitatu. Ndugu wanatambuana kwa hayo.
- Habari kwamba nguo za kike za Viola ziko kwa nahodha, na nahodha amefungwa kwa mashtaka ya Malvolio. Ndiyo maana Viola anamaliza tamthilia akiwa bado na mavazi ya kiume.

Hatua ya 5: Amua kalenda

Muda wa tamthilia hii una mgongano ambao jukwaani haumsumbui mtu. Katika onyesho la nne la tendo la kwanza, Cesario ameshakaa na Orsino siku tatu. Katika tendo la tano Orsino anasema kijana huyu amemtumikia miezi mitatu. Lakini matukio ya katikati yanafuatana kama ya siku chache.

Kwenye filamu mgongano huo unaonekana, kwa sababu kamera inarekodi nywele, majani ya miti na mwanga wa jua. Chagua moja. Miezi mitatu inampa Orsino nafasi ya kumzoea Cesario hadi mapenzi ya mwisho yaaminike, lakini utahitaji picha fupi za kupitisha muda. Siku chache zinakaza mwendo, ila lazima ubadilishe mstari wa Orsino. Miezi mitatu ndiyo bora zaidi, maana mtazamaji wa filamu hakubali mtu aoe mtu aliyemfahamu juzi kama anavyokubali mtazamaji wa jukwaani.

Hatua ya 6: Andika muswada

Jina la Viola halitamkwi hata mara moja kwenye tamthilia kabla ya tendo la tano. Aliye ukumbini analisoma kwenye orodha ya wahusika. Mtazamaji wa filamu hana orodha. Mwache Sebastian amwite dada yake kwa jina kabla meli haijavunjika, au nahodha amuulize. Sekunde tatu zinatosha.

Hilo linadai uonyeshe ajali ya meli, au angalau safari. Ni vyema. Filamu ya Trevor Nunn ya mwaka 1996 inawaonyesha pacha wakiwa pamoja melini, kisha inamfuata Viola anapokata nywele na kujifunga kifua. Tamthilia inaruka yote hayo: Viola anatangaza nia yake katika onyesho la pili, na katika la nne tayari ni Cesario. Wewe usiyaruke. Mtazamaji akishuhudia kazi ya kujigeuza, anakuwa mshirika wa siri.

Jina la mhusika juu ya mazungumzo liandikwe VIOLA kuanzia mwanzo hadi mwisho, hata anapoitwa Cesario. Ukibadili katikati, mtu wa maleba na wa mwendelezo (anayehakikisha picha zinazofuatana hazipishani) watakuuliza kila siku kama ni watu wawili.

Maneno ya kando, yale anayosema mhusika huku wenzake wakijifanya hawasikii, yana njia tatu za kupita kwenye filamu: mwigizaji atazame lensi, isikike sauti ya mawazo, au maneno yafutwe na ubaki uso. Chagua njia moja kwa kila mhusika na uishike hadi mwisho. Feste anaweza kutazama lensi, kwa sababu yeye yuko nusu nje ya hadithi. Viola mpe uso tu, isipokuwa pale anapobaki peke yake na pete aliyotumiwa na Olivia: hapo anatambua amependwa, na maneno yale ayatoe kwa sauti.

Ukiandika kwa Kiswahili, kumbuka kwamba kiambishi "a-" hakitofautishi mume na mke. Hilo linakusaidia pale Viola anapoongea kwa mafumbo, lakini linakuangusha pale kichekesho kinapotegemea dhana ya anayesikiliza. Katika onyesho la nne la tendo la pili, Viola anakiri kwamba kuna mtu anayempenda mwenye umri kama wa Orsino. Orsino lazima atamke neno "mwanamke" anapouliza ni mtu wa namna gani. Akiuliza tu "ni nani huyo?" hakuna aliyekosea, na hakuna cha kuchekesha. Vivyo hivyo, wape watu wa Illyria "kijana", "bwana mdogo" na "huyu mvulana" kila wanapomtaja Cesario.

Hatua ya 7: Amua pacha

Njia ya kwanza ni mwigizaji mmoja kucheza wote wawili. Joan Plowright alifanya hivyo kwenye toleo la televisheni la Uingereza la mwaka 1970. Njia ya pili ni waigizaji wawili, kama Imogen Stubbs na Steven Mackintosh katika filamu ya 1996.

Kwa anayeanza, chukua wawili. Wawe na urefu usiopishana zaidi ya sentimita 5, mabega ya upana unaokaribiana na rangi ya ngozi inayokaribiana. Nywele zikatwe siku moja na mtu mmoja. Sura hazihitaji kufanana sana, maana wanaotakiwa kuchanganyikiwa ni watu wa Illyria. Kinachowaunganisha pacha machoni pa mtazamaji ni umbo kwa mbali, mwendo na vazi. Tenga mazoezi matatu ya kutembea tu: Sebastian atembee, Viola amwige, kwa sababu ndivyo hadithi inavyosema.

Ukiamua kutumia mwigizaji mmoja, tendo la tano litahitaji fremu iliyogawanywa, yaani picha mbili za mwigizaji yule yule zilizounganishwa kuwa moja. Utaratibu ni huu:

a) Funga kamera kwenye tripodi, weka mifuko ya mchanga, na mtu asiiguse tena. Fokasi, mwanga na rangi vyote viwe kwa mkono.

b) Tafuta mstari wa wima usiosogea katikati ya fremu, kama nguzo au mhimili wa mlango. Hapo ndipo picha mbili zitakapounganishwa. Majani na mapazia yanayopeperuka yakikatiza mstari huo, muungano utaonekana.

c) Piga upande mmoja, na mwigizaji mbadala mwenye urefu sawa asimame upande wa pili ili macho yapate pa kutua. Chagua jaribio bora papo hapo.

d) Badilisha vazi, mrekodi upande wa pili akisikia sauti ya jaribio lile kwenye kipaza cha sikioni.

e) Piga sekunde 20 za mahali patupu bila mtu. Zitakuokoa wakati wa kuhariri.

Mtu asivuke mstari, wala kivuli chake. Kama mnatumia mwanga wa jua, pande zote mbili zipigwe ndani ya dakika chache. Wingu moja linatosha kuharibu muungano.

Hatua ya 8: Mtengeneze Cesario

Enzi za Shakespeare sehemu za wanawake zilichezwa na wavulana, hivyo Viola alikuwa mvulana anayecheza msichana anayejifanya mvulana. Vazi la Cesario lilikuwa linamrudisha mwigizaji kwenye umbile lake. Leo huna msaada huo, na kamera iko karibu.

Kanuni inayofanya kazi: mwonyeshe Cesario kwanza kupitia macho ya wengine. Picha yake ya kwanza iwe ya mbali, mwili mzima, akiwa katikati ya watumishi wanaume, akifanya kazi. Picha za karibu zihifadhi kwa wakati anapokuwa peke yake au siri inapokaribia kumtoka. Ukianza na uso uliojaza fremu, mtazamaji anaanza kukagua ngozi badala ya kufuata hadithi.

Mwanga laini wa mbele huulainisha uso. Mwanga wa pembeni huchora taya. Tumia wa pembeni akiwa Cesario mbele za watu, wa mbele akiwa peke yake.

Sauti: asiikandamize kooni. Aongee polepole, kwa sentensi zinazoshuka mwishoni, kutoka kifuani. Anayejilazimisha sauti nzito kwa saa kumi hana sauti siku ya tatu.

Tahadhari: usimfunge kifua kwa bendeji ya kuvutika wala kwa utepe wa gundi. Vinabana zaidi kadiri mtu anavyopumua na vinaweza kumuumiza mbavu. Tumia fulana ya kubana iliyotengenezwa kwa kazi hiyo au sidiria ya michezo, isizidi saa 8, na ivuliwe mara moja akiona maumivu au pumzi fupi. Siku ya pambano la panga, ambapo anakimbia, legeza na upige kwa mbali. Gundi ya ndevu za bandia za Feste nayo ijaribiwe kwenye ngozi ya mkono saa 24 kabla.

Hatua ya 9: Panga ratiba kwa hali ya mwili, kisha kwa mahali

Kawaida ratiba hupangwa kwa mahali. Hapa nywele zinatangulia. Picha zote za Viola mwenye nywele ndefu zipigwe kwanza, kwa sababu zikishakatwa hazirudi, na wigi la bei ndogo linaonekana kwenye picha ya karibu. Mpe kila mwonekano namba: V1 kabla ya ajali, V2 baada ya ajali, V3 Cesario nadhifu, V4 Cesario baada ya pambano. Namba iandikwe kwenye kila onyesho la muswada na kwenye ubao wa klapa, na picha ya ukumbusho ipigwe kila mwonekano unapoanza na unapoisha.

Hatua ya 10: Piga maonyesho matatu magumu

*Bustani, ambapo Malvolio anasoma barua.* Toby, Andrew na Fabian wamejificha nyuma ya kichaka wakimsikiliza. Jukwaani wanaweza kuwa hatua mbili kutoka kwake. Kwenye filamu weka angalau mita 4, na uanze na picha pana inayoonyesha wote wanne ili mtazamaji ajue nani yuko wapi. Kisha piga onyesho lote upande wa Malvolio bila kukata, halafu lote upande wa waliojificha. Mwisho piga picha za pamoja, yeye mbele na wao nyuma, kwa lensi ya milimita 28 na tundu la lensi likiwa f/8 au dogo zaidi ili wote waonekane bila ukungu. Minong'ono irekodiwe peke yake, Malvolio akiwa kimya. Maneno yakipandana wakati wa kurekodi huwezi tena kuyatenganisha. Kuyapandanisha baadaye ni rahisi.

Kosa la kawaida ni kukatia kwa waliojificha kila baada ya mstari. Mwachie Malvolio muda. Anajidanganya mwenyewe, hatua kwa hatua, na tunapaswa kuona kila hatua usoni mwake.

*Chumba cha giza.* Feste anajifanya kasisi aitwaye Sir Topas mbele ya Malvolio aliyefungiwa kama mwendawazimu. Maria anamwambia Feste angeweza kufanya hivyo bila ndevu wala joho, kwa kuwa Malvolio hamwoni. Basi onyesho hili ni la sauti. Mpe Feste sauti mbili zinazotofautiana wazi, na umpige Malvolio katika mwanga mdogo sana lakini wenye ukingo mmoja wa uso unaoonekana. Giza kamili kwenye skrini ni doa jeusi tu.

*Kutambuana.* Sebastian anapoingia, Orsino anasema anaona uso mmoja, sauti moja, vazi moja, na watu wawili. Kabla ya maneno hayo weka picha pana yenye pacha wote na wengine wote wamesimama. Ishike sekunde tano hadi nane bila kukata. Mtazamaji amesubiri saa moja na nusu kuwaona pamoja. Usimnyime kwa kukimbilia nyuso. Baada ya hapo ndipo uende karibu, na mwendo uwe wa polepole, maana ndugu wanaogopa kuamini.

Hatua ya 11: Hariri

Waigizaji wa jukwaani husubiri kicheko kiishe. Kwenye filamu hakuna wa kumsubiri, kwa hiyo mapengo yao yatabaki kama mashimo. Toa mapengo, kisha mahali penye kicheko cha kweli weka uso wa anayesikia. Kama mstari unaofuata unamezwa na kicheko, ongeza picha hiyo kwa fremu 12, yaani karibu nusu sekunde ukirekodi fremu 25 kwa sekunde.

Onyesha toleo la kwanza kwa watu wanane hadi kumi wasioijua tamthilia. Usiwaulize kama wameipenda. Waulize: Sebastian ulimjua lini? Olivia amefunga ndoa na nani? Orsino anajua nini pale mwisho? Majibu yakipishana, rudi kwenye jedwali la hatua ya 3 na utafute kisanduku kilichopotea.

Matatizo na namna ya kuyatatua

*Watazamaji hawaamini kwamba Orsino hamtambui Viola.* Mara nyingi tatizo si Viola, ni Orsino. Anamtazama sana. Mpe shughuli mikononi na mawazo kwa Olivia. Mtu aliyezama katika mapenzi yake mwenyewe haoni aliye kando yake. Badilisha kwanza anakotazama kabla hujagusa vipodozi.

*Watazamaji wanawachanganya pacha.* Ongeza alama ndogo ambayo wahusika hawaizingatii: upanga wa Sebastian upande mwingine, au mfuko wa Antonio ukining'inia kiunoni. Usibadili rangi ya vazi.

*Sauti ya Viola ina mkwaruzo wa kitambaa.* Kinasa cha kifuani kinasuguana na fulana ya kubana. Kihamishie kwenye ukosi au kwenye nywele juu ya paji la uso, na utegemee maikrofoni ya fimbo.

*Pambano la Viola na Andrew halichekeshi.* Wanapigana vizuri mno. Wote wawili ni waoga na kila mmoja ameambiwa mwenzake ni hatari. Panga hatua zao na mtu anayejua mapigano ya kuigiza, silaha zote ziwe butu, na panga zisigusane kabla ya Antonio kuingilia.

*Vicheko vinakata ghafla baada ya chumba cha giza.* Hilo si kosa la uhariri. Malvolio ameteswa kweli na mtazamaji anamhurumia. Usimfanye kikaragosi ili kurudisha kicheko. Punguza onyesho kwa theluthi moja, na upeleke kicheko kwa Sebastian, ambaye wakati huo huo anashangaa bibi asiyemjua anataka kuolewa naye.

*Mwisho unavuta.* Tamthilia inafunga mambo mengi kwa mpigo: ndoa, barua, kiapo cha Malvolio cha kulipiza kisasi, kisha wimbo wa Feste kuhusu mvua. Acha Malvolio aondoke akiwa kwenye fremu pana, mlango ukibaki wazi nyuma yake, na uanzishe wimbo hapo hapo juu ya picha za wanaoondoka: Andrew, Antonio, Toby na Maria. Orodha ya majina ya waigizaji ianze kabla ubeti wa mwisho haujaisha.